Usubi wa Mzee Justus

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimepata nafasi ya kuliokoa jina langu. Au ya kulizika kabisa. Bado sijui.

Mwalimu Wathome wa Baiolojia ametangaza kwamba chama chetu cha sayansi kitakwenda kwenye maonyesho mjini Machakos na mdudu mmoja tu: usubi. Alisema kila mtu hapa Kola ameumwa naye na hakuna aliyewahi kumtazama. Kweli kabisa. Ni mdogo kama kichwa cha pini. Unahisi moto mkononi, unaangalia, hakuna mtu.

Masharti: atakayeleta hatua zote nne za maisha yake, yaani yai, buu, pupa na mdudu mzima, pamoja na majina ya viungo vya mwili, ndiye atakayesimama mezani na kuwaeleza majaji. Mwisho ni Jumatatu ya tarehe 24.

Kusimama! Kueleza! Mwaka jana niliambiwa nieleze moyo wa samaki mbele ya darasa. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikatoka nje, nikaenda hadi chooni, nikakaa huko mpaka kengele ya chakula. Tangu siku hiyo naitwa Mutanu wa Samaki. Hata mpishi wa shule ananiita hivyo anaponipakulia maharagwe.

Mpinzani wangu ni Yasser. Baba yake anakodisha viti na hema mjini. Yasser amekulia kwenye harusi na mazishi ya watu, kwa hiyo anaongea kama aliyezaliwa na kipaza sauti. Hajui usubi na nzi wanatofautiana wapi. Lakini atasema kwa ufasaha kwamba hajui, na watu watapiga makofi.

Mpango wangu ni huu. Nitaleta usubi waliokamilika kiasi kwamba hakutabaki la kueleza. Majaji watatazama, watasoma vibandiko, watatikisa vichwa, wataenda meza nyingine. Mimi nitasimama tu. Kusimama naweza.

Jumatano, 12 Machi

Nimesoma kitabu cha maktaba mpaka nimekikariri. Usubi mzima: kifua kimeinuka kama nundu, kichwa kimeinama chini yake. Mabawa yana madoadoa, na akitulia huyalaza juu ya tumbo, moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Vipapasio virefu; vya dume vina manyoya kama unyoya wa kuku. Mdomo mfupi. Jike ndiye anayeuma. Nilijisomea kwa sauti mbele ya mbuzi wetu. Hata mbele ya mbuzi nilitetemeka.

Pa kuwapata ni hapa hapa nyumbani. Mfereji wa tangi letu unavuja. Maji yanateremka hadi kando ya zizi, mbuzi wanayakanyaga, samadi inaingia. Kwa Mama ni aibu. Kwa usubi ni wodi ya kujifungulia.

Nilichota matope kwa kijiko, nikayaweka kwenye sahani nyeupe na maji kidogo, nikasubiri. Uzi mweupe ukajikunja. Ukajinyoosha. Ukaogelea kama nyoka mwenye haraka! Hana miguu. Kichwa kidogo cha kahawia. Buu! Nilikaribia kulia.

Mama alitokea nyuma yangu akauliza kwa nini kuna matope kwenye sahani ya wageni. Nikauliza wageni gani. Akasema ni watu wa mchumba, Muema, kutoka Kathiani. Jumamosi ya tarehe 22 wanaleta mbuzi wa ntheo kwa ajili ya dada yangu Kamene. Mbuzi watatu, na mmoja achinjwe siku hiyo hiyo, aliwe na pande zote mbili. Akishaliwa, Kamene ni mke wa watu. Asiwepo mtu wa kuharibu. Alisema hivyo akinitazama mimi, sijui kwa nini.

Kisha akasema matope yale yakaushwe kwa majivu na changarawe kabla ya wageni.

Nilisema ndiyo, Mama. Moyoni niliwasikia mabuu wangu wakilia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejitolea kukausha matope mwenyewe. Mama alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Baba alisema kumbe kusoma kunasaidia.

Nilichofanya: nimetandaza majivu juu juu tu, kama poda usoni mwa bibi harusi. Chini matope yamelala salama. Baba alikuwa ameukaza mfereji kwa mpira wa baiskeli. Nimeulegeza. Kidogo tu.

Kwa usalama zaidi nimeanzisha pia kituo cha pili. Ndani ya beseni lililo chini ya mfereji, kwenye maji yenye uchafu wa kijani, nimekuta mabuu wengine, wakubwa na wazuri kuliko wa matopeni. Wekundu! Bila shaka ni kwa sababu ya damu. Nimewatia kwenye chupa ya jemu na kufunika kwa wavu. Wavu nimeukata kwenye chandarua changu, pembeni, mahali pasipoonekana.

Jumapili, 16 Machi

Mbu wamepaona.

Nimeenda kanisani na jicho moja limevimba. Lakini ndani ya chupa kuna pupa! Kitabu kinasema pupa wa usubi ana pembe mbili za kupumulia. Wangu wana kitu kama manyoya meupe. Labda pembe zimechakaa. Pia nimeona vitu vidogo vyeusi kwenye ukingo wa maji, na nimeviandikia kibandiko cha MAYAI. Vinaweza kuwa uchafu. Nisiwaze hilo leo.

Jumatatu, 17 Machi

Yasser ameleta mchoro mkubwa kama mlango. Usubi wake analingana na kuku. Darasa zima lilishangilia. Mwalimu Wathome alisema juhudi ni nzuri, ila kuna kazi kwenye mabawa.

Wakati wa mapumziko Yasser alinijia. Yeye hali mchana, ni mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo wakati wenzetu wanakula mandazi yeye hutafuta watu wa kuongea nao. Aliniuliza kwa upole mabawa ya usubi hukaaje akitulia.

Nilimwambia husimama wima, kama ya kipepeo.

Akanishukuru! Akasema ningekuwa mwalimu mzuri.

Jumatano, 19 Machi

Siku nyeusi.

Asubuhi chupa ilikuwa imejaa wadudu wazima. Niliikumbatia njia nzima hadi shuleni. Ni kweli mabawa yao hayakuwa na madoadoa, lakini nilijiambia madoadoa huja na umri.

Mwalimu Wathome aliwatazama kwa lenzi. Muda mrefu. Akauliza kama nimeona wanavyoinua miguu ya mbele wakitua, kama watu wanaoomba ruhusa ya kusema. Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni adabu. Akaniambia niingize mkono ndani ya chupa.

Niliingiza. Darasa lote likanizunguka. Tukangoja. Wadudu walitembea juu ya vidole vyangu, wakatazama mandhari, wakarudi ukutani. Hakuna aliyeuma.

Yasser akasema, "Labda wamefunga, kama mimi."

Walicheka mpaka darasa la jirani likachungulia dirishani. Mwalimu naye aligeuka kufuta ubao uliokuwa safi.

Akaeleza kwamba hawa ni binamu za usubi wasiouma. Mabuu wao ni wekundu kwa asili, si kwa kunywa damu ya mtu, na pupa wao wana manyoya. Vile vyeusi vyangu aliviangalia pia. Ni uchafu. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba Jumatatu bado ipo, na kwamba nikishindwa atamchukua Yasser na mchoro wake.

Kwa hiyo wale wembamba weupe wa matopeni ndio wa kweli. Wale wale niliowatia poda.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna kulala. Matope yanaanza kupasuka kwa jua. Nimeongeza ndoo mbili za maji na karai la samadi mbichi, nikakoroga, nikarudishia majivu juu. Mama alipita akasema pananuka kuliko zamani. Nikasema ni harufu ya kukauka.

Nimechunguza kijiko kimoja kimoja. Pupa! Wa kahawia, wembamba, na safari hii pembe mbili fupi kifuani, sawasawa na kitabu. Wakati wowote watatoka wazima. Naomba iwe kesho. Au Jumapili. Isiwe Jumamosi.

Kamene ameniita chumbani nimsaidie kupiga pasi leso. Tulipomaliza akasema anamwogopa Mzee Justus, ami yake Muema, ambaye ndiye msemaji wa upande wao. Ni mtu wa heshima kali. Aliwahi kuondoka kwenye nyumba ya watu na mbuzi wake kwa sababu alisalimiwa na mtu aliyeketi. Akaniuliza kama kila kitu kiko tayari nje.

Nilisema kila kitu kiko hai. Nikajisahihisha. Nikasema kiko sawa.

Nimepiga hesabu hivi: usubi huuma jua linapoelekea kushuka. Wageni wanakuja saa nne asubuhi. Saa tisa watakuwa wameondoka. Hakuna tatizo.

Jumamosi, 22 Machi

Wageni walifika saa tisa.

Mbuzi mmoja alikataa kupanda gari huko Kathiani, ikabidi abembelezwe. Walipoingia jua lilikuwa kali bado. Baba akatazama viti vya kukodi, akatazama jua, akatazama kivuli kizuri cha tangi. Akaagiza viti vyote vihamishiwe pale. Nilijaribu kusema kitu. Sauti ilitoka kama ya mlango.

Wakakaa. Mzee Justus katikati, fimbo magotini, mgongo wake hatua chache kutoka matopeni. Mbuzi watatu wakafungwa kando ya zizi. Salamu. Maombi. Utambulisho wa watu wote hadi wajomba wa wajomba. Saa kumi na nusu upepo ukatulia kabisa. Usubi hapendi upepo. Nilikuwa nikiomba upepo kama mkulima anavyoomba mvua.

Mzee Justus akajipiga shingoni. Polepole, kama mtu anayefikiri.

Baba akajikuna kifundo cha mguu kwa kiatu cha mguu mwingine.

Kina mama wa Kathiani wakavuta leso hadi vidoleni.

Hakuna aliyesema neno! Kwetu mgeni hachagui kiti. Na mwenyeji hamwinui mgeni aliyekwisha kukaa, maana ni kama kumwambia kwamba hapa si pake. Basi watu wazima zaidi ya ishirini waliketi pale kwa adabu, wakiliwa, wakitabasamu, wakizungumza habari za mvua.

Usubi haonekani, na asiyeonekana lazima apewe jina. Niliona macho ya Mzee Justus yakienda kwa mbuzi wake, yakirudi. Alidhani amewaletea wakwe viroboto. Akakohoa, akasema mbuzi hawa, kwa taarifa tu, waliogeshwa dawa Jumatatu.

Baba akauliza ni nani aliyesema habari za dawa.

Mzee Justus akasema hakuna, yeye anasema tu wa kwake ni safi.

Baba akasema basi kumbe wachafu ni wa nani.

Mbuzi waliendelea kutafuna. Msemaji wa Kathiani alishika fimbo yake kwa mikono miwili, kama mtu anayejiandaa kusimama. Kamene alikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia la soda. Akaliweka sinia chini.

Hapo ndipo nilipomwona. Kwenye kifundo cha mkono wa Mzee Justus, juu ya mshipa. Nundu ya kifua. Kichwa chini. Mabawa yamelala, moja juu ya jingine, na madoadoa! Madoadoa dhahiri! Mzee aliinua kiganja kingine apige.

"Usimuue, Mzee," nikasikia mtu akisema. "Mwache amalize kunywa."

Alikuwa mimi.

Mzee Justus alibaki na kiganja hewani. "Amalize kunywa nini, mwanangu?"

"Damu yako, Mzee."

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nilichukua bilauri tupu, nikaipindua juu ya mkono wake, nikamnasa. Kisha maneno yakatoka. Yote. Nilisema huyu ni usubi, si kiroboto, na mbuzi wa pande zote mbili hawana hatia. Nilimwonyesha kila mzee kwa zamu: mabawa, vipapasio, tumbo lililokuwa likigeuka jekundu. Nilisema jike hutaga matopeni yenye samadi, mayai madogo kama nukta, yakaanguliwa mabuu wembamba, buu akawa pupa mwenye pembe mbili, pupa akapasuka akatoka huyu. Mzee Justus hakutikisa mkono hata kidogo. Aliuliza mume wa mdudu yuko wapi. Nikasema dume haumi, hunywa maji ya maua.

Kina mama wa Kathiani walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya tangi. Alisema hata kwake yuko wa namna hiyo.

Kisha Mzee Justus akauliza mkwewe amewezaje kuwa na usubi wengi hivi. Nikamtazama Mama. Mama akanitazama. Nikasema nimewafuga mimi, kwa siku kadhaa, kwa maji na samadi, chini ya majivu.

Mzee alicheka mwanzo kwa mabega, halafu kwa sauti. Akainuka. Akasema kwa kuwa sasa tumejua kwamba kiti hiki ni mali ya binti, hakuna ubaya tukimwachia. Watu wote waliinuka pamoja kama wanafunzi waliosikia kengele. Viti vikapelekwa mbele ya nyumba. Mbuzi akachinjwa, akaliwa, mfupa kwa mfupa. Kamene ni mke wa watu!

Jua lilipozama nikamwona Yasser amesimama langoni. Alikuja na gari la baba yake kuchukua viti, na alikuwa amesikia yote. Mama alimpa maji na ndizi afungulie. Akanitikisia kichwa tu. Yasser! Bila shaka ana hila.

Jumapili, 23 Machi

Mama hajanigombeza. Amenipa jembe.

Nimechimba matope yote, nimejaza changarawe, Baba ameweka mfereji mpya. Niliokoa kijiko kimoja cha mabuu na pupa sita kwenye kikombe. Na usubi wa Mzee Justus yumo kwenye chupa, tumbo limejaa. Kamene alinikumbatia akasema hajawahi kunisikia nikiongea muda mrefu hivyo, na kwamba hata Muema aliduwaa. Nilimwambia Muema ana adabu tu.

Jumatatu, 24 Machi

Matokeo.

Nimeleta mdudu mzima, pupa na mabuu. Mayai sina. Yasser ameleta mchoro mpya: mabawa yamelala kama mkasi. Akaniambia pembeni kwamba alimwona mwenyewe chini ya bilauri, na kwamba sasa anajua nilimdanganya, lakini yeye angefanya vibaya zaidi. Kisha akamwendea Mwalimu Wathome, akamsimulia habari za Jumamosi kwa sauti ya kipaza sauti, pamoja na sehemu ya dume na maua. Akasema mimi ndiye wa kuongea. Yeye atashika mchoro.

Mwalimu aliniomba nieleze kidogo mbele ya darasa. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Yasser akaniwekea chupa karibu. Usubi alikuwa amelala. Sikuweza hata neno moja.

Mwalimu akasema si kitu. Aliyeweza mbele ya wazee wa Kathiani ataweza mbele ya majaji. Nimechaguliwa, hata bila mayai. Maonyesho ni Ijumaa ijayo, ukumbini, majaji wanne.

Jioni nimekaa kitandani, chini ya chandarua chenye tundu, nikafikiri kisayansi. Kwa nini Jumamosi niliweza na leo nimeshindwa? Kamene anasema ni kwa sababu niliacha kujifikiria. Kamene hajasoma sayansi. Jibu liko wazi. Jumamosi usubi alikuwa anamuuma msikilizaji. Leo hakuwa anamuuma mtu. Tofauti ni hiyo tu.

Kwa hiyo nahitaji usubi wa kutosha majaji wanne. Ndoo moja ya matope itaingia chini ya meza, na kitambaa cha meza kitaificha. Nitaomba viti vya majaji viwekwe karibu. Yasser anajua kupanga viti.

Mfereji mpya ni mgumu kuliko ule wa zamani. Nimeulegeza. Kidogo tu.